Fizikia kwa Kiingereza, darasa kwa Kiarabu: safari ya walimu wa sayansi Oman

Hamriya, mtaa uliobanana kando ya Ruwi hapa Maskati, Kiswahili hukitafuti. Kimo madukani, kimo mikahawani, kimo vinywani mwa wazee waliozaliwa Unguja, Pemba au Mombasa, na siku hizi kimo pia kwa vijana waliokuja juzi kutafuta riziki. Kizazi kilichorudi kutoka Afrika Mashariki baada ya 1970 kilikuja na watu waliosoma hesabu na fizikia hasa, nao waliikuta nchi isiyokuwa na walimu wake wa kutosha wa masomo hayo. Mtu angedhani wangepelekwa darasani moja kwa moja. Wapo waliopelekwa, lakini wengi waliishia kwengineko, na sababu yake inafaa kuangaliwa na kila anayetayarisha walimu leo.

Tarehe 23 Julai 1970, Sultan Qaboos bin Said aliposhika madaraka, serikali ilikuwa na skuli tatu: moja Salala, moja Maskati iliyofunguliwa 1940, na moja Matrah. Wanafunzi wote walikuwa 909, wavulana watupu. Mafuta yalikuwa yameanza kuuzwa nje tangu 1967, fedha zikaanza kuonekana, na katikati ya miaka ya 1970 skuli zilifika kama 200. Jengo la skuli hulimaliza kwa miezi. Mwalimu wa kemia humtoi kwa miezi.

Ng'ambo ya bahari hali ilikuwa nyengine. Unguja ilikuwa na skuli ya serikali tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20, skuli ya serikali ya wasichana tangu 1927, na chuo cha ualimu Beit el-Ras. Skuli ya sekondari iliyokuja kuitwa King George VI, ambayo leo ni Lumumba, iliwafanyisha vijana mtihani wa Cambridge, na waliofaulu zaidi walivuka kwenda Makerere au Uingereza. Mapinduzi ya Januari 1964 yaliwatawanya watu hao. Wengine walikwenda Cairo, wengine Dubai na Kuwait, wengine London. Wito wa Sultan mpya wa kuwataka Waomani walio nje warudi uliwakuta huko, wakiwa na vyeti mkononi.

Vyeti hivyo vilikuwa vya Kiingereza. Skuli za Oman zilisomesha kwa Kiarabu, na Waomani wengi waliokulia Unguja walikuwa na Kiarabu cha Kurani na cha maamkizi. Kiarabu cha kumfafanulia mtoto wa darasa la saba kwa nini chuma kinazama na merikebu ya chuma inaelea hawakuwa nacho. Kampuni ya mafuta, benki, hospitali na ofisi za wizara zilikuwa zikiwalilia watu wa Kiingereza. Wakaenda huko, na hakuna wa kuwalaumu. Waliobaki kwenye elimu, wengi walisomesha Kiingereza. Sayansi na hesabu zikashikwa na walimu kutoka Misri, Jordan, Sudan na nchi nyengine za Kiarabu, watu waliofanya kazi kubwa katika miji na vijiji ambavyo havikuwa hata na barabara ya lami. Wanaidai nchi hii shukurani zaidi kuliko inavyozitoa.

Kwa wanawake mambo yalikwenda tofauti kidogo. Kabla ya 1970 hapakuwa na skuli ya serikali ya wasichana hapa. Wanawake waliotoka Unguja walikuwa wamezoea kuona bibi akitoka asubuhi na madaftari yake kwenda kusomesha, nao walikuwa miongoni mwa wa mwanzo kushika kazi za mshahara Oman, ualimu ukiwemo. Mfano huo wa kuonekana kwa macho ulifanya kazi ambayo tangazo la wizara halingeiweza.

Serikali ilianza na taasisi ndogo za ualimu katika miaka ya 1970, kisha 1984 vikaja vyuo vya ualimu vya miaka miwili, ambavyo katika miaka ya 1990 vilipandishwa hadhi vikatoa shahada. Lakini hatua iliyobadilisha sayansi ilikuwa Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, Al-Khoudh, kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza 1986. Kitivo cha elimu kilikuwa kimoja kati ya vile vitano vya mwanzo, jirani na kitivo cha sayansi. Mwalimu mtarajiwa aliweza kushika vyombo vya maabara kwa mkono wake, kisha akajifunza jinsi ya kulipanga somo.

Mafunzo hayo yana kipengele kimoja ninachokipenda sana, nacho kipo katika vyuo vya ualimu kila pahala. Mwanafunzi husimama mbele ya wenzake, andalio la somo mkononi, akasomesha kipande kidogo tu, dakika kumi hivi, wenzake wakijifanya watoto. Mkufunzi amekaa nyuma, anaandika. Hapo ndipo aliyepata alama za juu katika fizikia anapogundua kwamba swali la kitoto, kwa mfano kwa nini mwezi hauanguki, limemkausha mate.

Na hapo ule mkwamo wa wazee wetu ulirudi kwa sura nyengine. Sayansi chuoni ni kwa Kiingereza, darasa la serikali ni kwa Kiarabu. Kijana anamaliza miaka yake akiwa na msamiati wa maabara wa lugha moja, anakabidhiwa kitabu cha darasa la tisa cha lugha nyengine. Safari hii aliyekwama hakutoka ng'ambo, kazaliwa Nizwa au Sur.

Lugha si kikwazo pekee. Mfumo wa Elimu ya Msingi ulioanza mwaka wa masomo 1998/99 uliweka madarasa manne ya mwanzo mikononi mwa walimu wanawake, wavulana na wasichana wakisoma pamoja. Kuanzia darasa la tano hutenganishwa, na wavulana husomeshwa na wanaume. Katika upimaji wa kimataifa wa TIMSS wa 2011, wasichana wa Oman wa darasa la nane waliwapita wavulana katika hesabu kwa zaidi ya alama 60, pengo ambalo nchi chache duniani zinalo. Sababu zake ni nyingi na sitazibebesha skuli peke yake. Hata hivyo kijana wa kiume mwenye kipaji cha hesabu anaitwa na mafuta, jeshi na uhandisi kabla ualimu haujamfikia, na skuli za wavulana ndizo zinazoumia kwa upungufu huo.

Katikati ya muongo wa 2000 vile vyuo vya ualimu viligeuzwa kuwa vyuo vya sayansi tumizi, isipokuwa cha Rustaq. Naona ilikuwa haraka mno. Taasisi ya kuwaendeleza walimu waliomo kazini, iliyoanzishwa 2014, imekuja kuziba sehemu ya nafasi hiyo.

Zanzibar nayo inaujua mkwamo huu. Sera yake ya Elimu ya 2006 iliagiza hesabu na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, wakati walimu wengi wa msingi walikuwa wametayarishwa kuzisomesha kwa Kiswahili. Kwa hiyo Al-Khoudh na Tunguu, kilipo Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, wana kazi moja ya kufanya kwa pamoja: zile dakika kumi za mbele ya wenzake, mwanafunzi azifanye mara mbili, kwanza kwa lugha aliyosomea, kisha kwa lugha atakayosomeshea, na alama za ualimu zitoke kwenye ile ya pili.