Kutoka posho mupaka meza ya Wakorea

Katika kijitabu hiki ndugu wengine wameandika juu ya ndoa, kilio na majina ya mababu. Mimi nimechagua meza. Ni kusema: namna watu wa kwetu Tenke walivyokula tangu kompanyi zilipofika, nani alikaa na nani alisimama. Musomaji asishangae nikianzia mbali, Nairobi, kwa Wakorea. Nitarudi Tenke.

Mwaka 2023 nilikuwa Nairobi kwa juma moja juu ya mambo ya familia. Kijana mumoja niliyemufundisha historia zamani, ambaye sasa anafanya kazi huko, alikuja kunichukua mangaribi. Akasema: «Mwalimu, leo tuache michopo. Leo tunaenda kwa Wakorea.» Mimi nilifikiri ni Wachina, sawa wale wa Kolwezi wenye meza za kuzunguka. Akacheka.

Ilikuwa restora ya bei kali, ya kisasa, mbao nyeusi na taa kidogo. Mbele hatujaagiza kitu cha maana, vikaletwa vibakuli vidogo, nikahesabu tisa. Kabeji iliyochachishwa na pilipili na kitunguu saumu, ile wanayoita kimchi. Majani ya mboga yenye mafuta ya ufuta. Samaki ndogo zilizokaushwa, ndugu kabisa wa kapenta yetu. Kijana akanieleza kwamba vibakuli vile vinaitwa banchan, havihesabiwe mu fakitire, na kikiisha kimoja unaweza kuomba tena. Wali wenyewe ulikuwa umechanganywa na shayiri, katika kibakuli kidogo cha chuma. Kijiko cha chuma, na vijiti pia vya chuma, vyembamba, vinateleza. Katikati ya meza palikuwa na moto. Dada wa kazi alikuja na nyama, akaipanga juu ya moto, akaanza kuikata na makasi.

Hapo njo nilifanya kitu ambacho kijana yule ananikumbusha mupaka leo. Nilisimama. Nikatoa mikono nipokee sahani na ile makasi, nimusaidie. Dada akaniangalia, kijana akanivuta shati: «Mwalimu, ikaa. Hii kazi ni yake.»

Sikuwa na haya sana. Nilijua ile kusimama imetoka wapi.

Baba yangu alikuwa mupishi kwa muzungu mumoja wa reli pale Tenke, miaka ya mwisho ya Wabelgiji. Tenke ni mutoto wa reli. Njia ya kutoka Elisabethville ilikuwa imefika Bukama mwaka 1918, na mwaka 1931 njia ya Dilolo ikakamatana nayo pale Tenke, hivi shaba ikaweza kwenda mupaka Lobito, kwenye bahari ya Angola. Wazungu wa BCK walikuwa na nyumba zao, jiko mbali kidogo na nyumba. Baba alijua kupika nyama ya ngombe namna wanavyotaka, alijua uma unalala upande gani. Lakini katika miaka yote ile hakuna siku moja alikaa kwenye meza ile. Alikula akisimama nyuma ya jiko, mukate na mafuta yaliyobaki katika sufuria. Aliniambia mara moja: «Weye mutoto, muzungu anakulaka kwanza na macho. Mimi nilikuwa najua chakula chake na pua.» Hakusema kwa uchungu. Alikuwa anaeleza kazi.

Sasa turudi nyuma zaidi. Inchi hii ya Basanga ilijulikana juu ya shaba mbele ya muzungu yeyote. Askofu de Hemptinne, aliyeandika juu ya wayeyushaji wa zamani mwaka 1926, aliwaita «walaji wa shaba», na jina hilo limebaki vitabuni. Lakini tumboni walitia masaka, mihogo, mahindi pia, nyama ya pori, uyoga wa mvua za kwanza, na chikanda. Bukari ya masaka ilikuwa nyekundu, nzito. Wengi wa wanafunzi wangu hawajawahi kuiona.

Kilichobadilisha sufuria ni posho. Union Minière ilizaliwa mwaka 1906, Elisabethville ikaanza mwaka 1910, na wafanyakazi wakatolewa mbali: Kasai, Maniema, Ruanda-Urundi, Rhodesia. Mutu asiye na shamba lazima alishwe. Kompanyi ikapima: unga kilo kadhaa, maharagi, samaki ya chumvi, nyama, mafuta ya mawese, chumvi. Unga ulikuwa wa mahindi, na kwa muda murefu sehemu kubwa ilinunuliwa Rhodesia, juu ya reli ilitoka kule. Hivi njo bukari nyeupe ikawa chakula cha Mukatanga, na leo ukimwambia kijana kwamba ile nyeupe ni desturi ya kompanyi mbele ya kuwa desturi ya babu, anakukatalia. Kutoka 1928 kampuni iliamua kuwaweka wafanyakazi kwa muda murefu pamoja na bibi na watoto, basi posho ikaingia ndani ya nyumba. Mama alipokea kwa kipimo, mutoto alipewa uji kwenye kituo cha kompanyi. Walikula, hiyo ni kweli. Lakini mwenye kukupimia chakula amekupima na weye. Mwezi wa Desemba 1941, wakati vita ilikuwa imepandisha bei na mishahara haikufuata, wafanyakazi wa Elisabethville waligoma, na askari wakawapiga risasi. Jambo lilikuwa la sufuria pia, si la feza tu.

Restora za muji zilikuwa za wazungu. Hata mweusi aliyesoma, mwenye karata ya évolué mufukoni, mwenye tai shingoni, alijua milango gani asisukume. Kisha ikaja 1960, milango ikafunguliwa, lakini bei ikabaki mulangoni kama mulinzi.

Wakati wa Gécamines, sisi watoto wa wafanyakazi tulikuwa na jina la kiburi. Mufuko wa unga ulifika kila mwezi. Halafu mwaka 1990 mugodi wa Kamoto ukaanguka, na shaba ya Gécamines, iliyokuwa tani 476.000 mwaka 1986, ikashuka karibu tani 30.000 mwaka 1994. Mifuko ikakoma. Nakumbuka mama mumoja jirani ambaye kwa siku nyingi aliendelea kutandaza kitambaa mahali pa kuweka unga. Miaka ile njo ilituzalia mama wauza-bukari wa pembeni ya stasio: meza ya mbao, viti viwili, sombe, kapenta, na ndoo ya maji ya kunawa. Waume hawakulipwa, wanawake wakalisha muji. Kama kuna historia ya restora ya Tenke, inaanza pale, na mama hawa hawamo katika kitabu chochote.

Kisha kompanyi mupya. Tenke Fungurume Mining ilitoa shaba yake ya kwanza mwaka 2009 chini ya Wamarekani, na mwaka 2016 Wachina wa China Molybdenum wakanunua sehemu yao. Watu wa kila rangi wakaja, na kila kabila lilikuja na mupishi wake. Leo Kolwezi unaweza kula chakula cha Mulebanoni, cha Muhindi, cha Muchina. Katika otele moja kubwa niliomba bukari na samaki, wakaniambia haimo katika karata, lakini nikitaka wanaweza kutuma mutu nje anunue kwa mama wa barabara. Aliponunua, waliiweka katika sahani nyeupe na bei ikawa mara sita.

Kwa sababu hii nilipofika kwa Wakorea sikuwa naangalia nyama tu. Nilikuwa nauliza: watu hawa wamefanya namna gani?

Angalia miaka. Mwaka 1910, ule ule wa Elisabethville, Wajapani walimeza Korea, wakaitawala mupaka 1945, na muchele mwingi wa Korea ulipandishwa mashua kwenda Japani huku wenyewe wakila mutama na shayiri. Kisha vita ya 1950 mupaka 1953. Hata kiisha vita walikuwa na majira wanayoita kilima cha shayiri: muchele wa mwaka jana umekwisha, shayiri haijakomaa, na watu wanakula mizizi na maganda ya miti. Mutu wa kwetu anayejua mwezi wa kwanza, wakati mahindi bado kijani shambani, ataelewa bila mwalimu. Karibu na kambi za askari Wamarekani walikusanya nyama za mikebe, wakazichemsha na kimchi na pilipili. Posho ya askari, yaani. Mutuzi ule unaitwa budae jjigae, ni kusema mutuzi wa kambi, na leo watu wanapanga mustari kuukula kwa feza yao. Ile shayiri ya njaa ndiyo niliyoletewa mimi Nairobi katika wali, kwa heshima, na bei yake.

Ngazi ya juu kabisa wamefika pia. Mupishi Yim Jung-sik alifungua restora Seoul mwaka 2009 na nyingine New York mwaka 2011, na mwisho wa 2024 ile ya New York ilipewa nyota tatu za Michelin, ambazo Wafaransa hawatoi ovyo. Mwaka 2013 UNESCO iliandika kazi ya familia za Korea Kusini ya kutengeneza na kugawana kimchi katika urizi wa watu wote. Na kusema kweli sisi na wao tunajuana kuliko tunavyofikiri. Musee ya taifa ya Kinshasa, iliyofunguliwa mwaka 2019, ilijengwa na feza ya Korea. Kobalti ya Lualaba inaingia katika betri zinazotengenezwa na kompanyi zao. Mawe yetu yalikaa kwenye meza yao mbele yetu.

Mezani kijana alinimiminia kinywaji na mikono mbili, kama desturi yao inavyotaka kwa mukubwa, na akangojea mimi nitie kijiko kwanza. Nikamuuliza kama amejifunza kwa Wakorea. «Hapana, Mwalimu. Kwa bibi yangu, Fungurume.» Fakitire ilipofika aliificha, lakini niliona: ilikuwa zaidi ya nusu ya mushahara wangu wa mwezi. Sitadanganya, nilikula vizuri, na nilikasirika kidogo pia.

Niliporudi, baba, ambaye sasa macho yanamusumbua, aliuliza swali moja tu juu ya safari yote: «Ulikaa ao ulisimama?» Nikamwambia nilisimama kidogo, kisha nikakaa. Akakaa kimya. Halafu akauliza nani alikuwa anapika, na kama yule dada alikula.

Sikujua kumujibu. Sikumuuliza.

Muhula uliofuata niliwapa wanafunzi wa darasa la tano kazi: waende kwa mabibi wao waulize nini kililiwa mbele ya unga wa kompanyi, na namna ya kukitengeneza. Wengi walirudi na bukari na sombe. Musichana mumoja alileta chikanda, imefungwa katika jani, na maandiko ya bibi yake: mizizi ya maua ya pori ikaushwe, itwangwe, ichanganywe na karanga zilizotwangwa, pilipili, chumvi na maji ya majivu, ipikwe mupaka ikazane, ikatwe vipande sawa nyama. Bibi aliongeza kwamba mizizi inapatikana mbali siku hizi, juu wachimbaji ni wengi na ua halipewi muda wa kuzaa. Tuliikata vipande juu ya meza ya mwalimu. Nilimwita mama anayefagia shule, nikamupa kiti changu, akaonja kwanza. Akasema imekosa chumvi.