Utalii wa utamaduni katika nchi kame za Arusha

Utalii wa utamaduni ni safari ambayo mgeni huifanya kwa ajili ya kuwaona watu, makazi yao, kazi zao na mila zao, kwa malipo ambayo kwa kawaida hukubaliwa kabla hajaingia kijijini. Katika Mkoa wa Arusha na maeneo jirani utalii huu umejikita zaidi kwenye nchi kame, yaani nyika na nusu jangwa ambako mvua ni chache na mkulima asiye na maji ya kumwagilia huvuna kwa kubahatisha. Jamii zinazotembelewa sana huko ni Wamaasai, ambao ni wafugaji; Wahadzabe, ambao ni wawindaji na warina asali wa bonde la Ziwa Eyasi; na Wadatoga, wafugaji wenye ukoo wa wahunzi, wanaoishi jirani na Wahadzabe.

Ukame wa eneo hili hauwezi kuelezwa bila Mlima Meru, wenye kimo cha mita 4,566. Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi humwaga mvua nyingi kwenye miteremko ya kusini na mashariki, na zikishavuka hubaki kavu, ndiyo maana Oldonyosambu, Longido na sehemu kubwa ya Monduli ziko katika kile wanajiografia wanachokiita kivuli cha mvua. Hata upande wa kusini neema hiyo haifiki mbali: anayeteremka kutoka Tengeru kwenda Nduruma na Bwawani huiacha migomba na kahawa nyuma yake na kuingia kwenye tambarare ya migunga na vumbi, ambako uhai wa shamba hutegemea mto unaotoka mlimani.

Nduruma, kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Arusha iliyo kwenye tambarare hiyo, inastahili kutajwa kwa kirefu, kwa sababu inaonyesha upande wa maisha ya nchi kame ambao watalii huonyeshwa kwa nadra. Wakazi wake wengi ni Waarusha, watu wanaozungumza Kimaa kama Wamaasai na kushirikiana nao mfumo wa rika, lakini ambao kwa vizazi vingi wamekuwa wakulima pamoja na kufuga. Maji ya Mto Nduruma huchepushwa kwa mifereji, na kila mfereji huwa na kamati inayopanga zamu, kuwaita watu kwenye kazi ya kuzibua tope na kuamua kesi za anayefungulia maji usiku bila zamu yake. Juu na chini ya wakulima hao wadogo yapo mashamba makubwa, yakiwemo ya maua yanayosafirishwa Ulaya, nayo yanategemea mto huohuo, hivyo msimu wa kiangazi huwa msimu wa mazungumzo, na wakati mwingine wa ugomvi. Mtu anayetaka kujua jinsi jamii ya nchi kame inavyoishi leo angejifunza mengi zaidi kwa kukaa nusu siku kwenye kikao cha mfereji kuliko kwa kutazama ngoma ya kuruka ya Wamaasai. Hata hivyo magari ya watalii yanayotoka Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro hupita kwenye barabara kuu ya Moshi na Arusha, iliyo juu ya tambarare hiyo, yakienda kutafuta boma la Kimaasai lenye shuka nyekundu.

Uteuzi huo wa kipi kionyeshwe una historia yake. Nchini Kenya, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa karibu na Nairobi, familia ya walowezi ya Mayers iliendesha onyesho la Wamaasai kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, ambapo wageni walitazama morani wakicheza, kisha wakaandaliwa chai bustanini. Onyesho hilo lilifungwa katika miaka ya 1980 baada ya kulalamikiwa kuwa linadumisha picha ya kikoloni. Tanzania ilianza kutoka upande ulio kinyume kabisa. Baada ya Azimio la Arusha, viongozi wa mkoa waliendesha kampeni ya kuwalazimisha Wamaasai kuacha lubega na kuvaa suruali na magauni, kwa hoja kwamba mavazi yao yanaliaibisha taifa. Kizazi kimoja baadaye, shuka ileile iliyokuwa ikimzuia mtu kupanda basi ikawa ndiyo picha ya matangazo ya utalii wa nchi, jambo ambalo wazee waliopitia kampeni ile wana haki ya kulicheka.

Utaratibu rasmi ulianza mwaka 1995, pale Bodi ya Utalii Tanzania iliposhirikiana na SNV, shirika la maendeleo la Uholanzi, kuanzisha mpango wa utalii wa utamaduni wenye vituo vijijini. Miongoni mwa vituo vya mwanzo vilikuwamo Longido, Ng'iresi, Ilkiding'a, Monduli Juu, Mto wa Mbu na Mkuru, kijiji cha kaskazini mwa Mlima Meru ambako Wamaasai hufuga ngamia na kuwapandisha wageni. Msingi wa mpango ulikuwa kwamba waongozaji watoke kijijini na kwamba sehemu ya ada iende kwenye jambo la wote, kama vile darasa la shule au josho la mifugo. SNV ilijitoa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na vituo vikabaki mikononi mwa wenyeji. Vingine vimestawi, vingine vimekuwa mali ya mtu mmoja mwenye simu na marafiki katika kampuni za utalii.

Boma, yaani mkusanyiko wa nyumba za ukoo ndani ya uzio wa miiba, ndilo kivutio cha kawaida. Mgeni hupokewa kwa wimbo, huonyeshwa jinsi ya kupekecha moto kwa kijiti juu ya kipande cha mti laini, huingizwa katika nyumba iliyokandikwa kwa samadi na udongo ambayo mjenzi wake ni mwanamke, kisha hupelekwa mahali ambapo shanga zimetandazwa. Mauzo ya shanga ndiyo fedha ambayo mwanamke huipata moja kwa moja, kwa kuwa ada ya mlangoni hupokelewa na wanaume, na mara nyingi dereva aliyeleta wageni hudai fungu lake kabla ya wenye boma kugawana.

Upande wa Eyasi ziara huanza kabla ya jua kuchomoza, kwa kuwafuata Wahadzabe wakiwinda kwa upinde. Idadi yao ni kiasi cha watu elfu moja na ushee, na lugha yao, yenye sauti za vidoko vya ulimi, haina nduguye inayojulikana. Baadaye mgeni hupelekwa kwa wahunzi wa Kidatoga, ambao huyeyusha makufuli mabovu na mabomba ya shaba kwa mivukuto ya ngozi ya mbuzi na kufua vikuku, pamoja na vyembe vya mishale ambavyo Wahadzabe huvipata kwa kubadilishana na asali. Biashara hiyo ya vyembe ilikuwapo bila mtalii, na huenda ndiyo sehemu ya kweli kuliko zote katika ziara nzima.

Suala zito zaidi ya ada ni ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 huipa halmashauri ya kijiji mamlaka ya kusimamia ardhi yake, na mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda Chini walipata hati ya hakimiliki ya kimila kwa pamoja, badala ya mtu mmoja mmoja. Ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, iliyoanzishwa mwaka 1959 kama eneo la matumizi mseto, Wamaasai hawana mamlaka ya namna hiyo: maboma ya utamaduni yalipokea wageni miaka mingi, lakini Juni 2022 serikali ilianza kuhamishia kaya Msomera, wilayani Handeni, uhamisho unaoelezwa na serikali kuwa wa hiari na kupingwa na sehemu ya wakazi. Mgogoro wa namna hiyo uliwahi kufika mahakamani kwingineko: nchini Botswana, Mahakama Kuu iliamua Desemba 2006 kwamba Wasan, jamii ya wawindaji, walioondolewa katika hifadhi ya Kalahari ya Kati waliondolewa kinyume cha sheria.

Mgeni anayetaka malipo yake yawafikie wenyeji hana budi kulipia katika ofisi ya kijiji au ya kituo, kudai stakabadhi, na kuomba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha.