Arusi ya Uani



Jumamosi moja tulikaa uani kwa jirani yetu hapa Kazimia, chini ya mwembe, kupanga arusi. Watu waliitwa saa nane, na saa kumi ilipofika neno la arusi lilikuwa halijaguswa bado. Mmoja aliuliza bei ya ndakala. Mwingine alieleza jinsi upepo ulivyourudisha mtumbwi wake. Akina mama, huku wakichambua majani ya muhogo, walitaja nani amejifungua, nani anaumwa, na nani amerudi kutoka ng'ambo ya ziwa.

Mgeni angesema tunapoteza wakati. La, sivyo. Watu wa Fizi wametawanyika sana. Vita vya 1996 viliwavusha wengi mpaka Tanzania, wakakaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu. Mwaka 2005 meli zilianza kuwarudisha kwa njia ya Baraka. Wengine walirudi, wengine hawakurudi. Basi arusi ikitajwa, jamaa hukutana na kujihesabu. Maongezi yale ya uani ni sehemu ya kazi yenyewe.

Kisha orodha ikaanza kuandikwa: mbuzi watatu, magunia mawili ya mchele, viti vya kukodi, kipaza sauti, na vitambaa vya sare. Kila aliyesema aliongeza kitu. Bwana arusi mwenyewe aliinamisha kichwa, akanyamaza. Yeye na mwenzake wamekaa pamoja miaka saba, nao wana watoto watatu. Mahari ilikwisha kupokelewa, wazazi hawana neno. Lakini miaka hiyo yote hawakukaribia Komunio, kwa sababu kila mara walipotaka kufunga ndoa walishindwa na gharama ya karamu.

Hapo mama mmoja mzee akageuka, akatuuliza: "Katekista, mwanangu, Kanisa lilianza lini kudai mbuzi?"

Watu wakacheka, nasi tukacheka. Lakini swali lile tulikwenda nalo nyumbani. Leo twataka kulijibu kwa historia.

Kwa karne nyingi huko Ulaya, ahadi ya mume na mke ilitosha kuwafanya wanandoa, hata kama hapakuwa na shahidi. Jambo hilo lilileta matata. Mwanamume aliweza kuahidi kwa siri, kisha akakana na kuoa mwingine hadharani. Yule wa kwanza alibaki na machozi, hana wa kumsaidia. Kwa hiyo Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, uliamuru ndoa ifungwe mbele ya paroko na mashahidi wawili au watatu, baada ya kutangazwa kanisani. Mwaka 1907, chini ya Papa Pius X, amri iitwayo Ne Temere iliieneza sheria ya padre na mashahidi karibu duniani kote. Tena mwaka 1963 Mtaguso wa Vatikano wa Pili ulisema desturi njema za kila nchi zihifadhiwe katika ibada ya ndoa.

Serikali nayo haikuudharau uani. Sheria ya Familia ya Kongo, ya mwaka 1987, yataka jamaa wapatane juu ya mahari, na yakubali ndoa ifungwe nyumbani kwa desturi, kisha iandikwe kwa mwandishi wa serikali.

Tafuteni katika hayo yote. Mtaona ridhaa, mashahidi, wazazi na mahari. Mbuzi wa karamu hamtamwona.

Sasa tushuke pwani hii hii ya ziwa letu, mpaka Mpala, kusini ya Kalemie. Mwaka 1888 ilifungwa huko ndoa moja ya kukumbukwa. Mume alikuwa Kapteni Joubert, Mfaransa, aliyekuwa askari wa Papa zamani, kisha akaja kuwalinda watu wa ziwa na wafanya biashara ya watumwa. Mke alikuwa Agnesi Atakao, binti wa nchi hii. Joubert hakurudi kwao tena. Alikaa na mkewe na watoto wao mpaka alipokufa mwaka 1927. Katika Mpala ya siku zile hapakuwa na viti vya kukodi wala kipaza sauti. Palikuwa na ahadi, nayo ilishikwa karibu miaka arobaini.

Mwana wao Albert alizaliwa mwaka 1908, akapata upadre mwaka 1935. Ndiye Padre Albert Joubert aliyeuawa Fizi tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa uasi wa Simba, pamoja na Padre Giovanni Didoné. Siku ile ile waliuawa Baraka Padre Luigi Carrara na Bruda Vittorio Faccin. Tarehe 18 Agosti 2024 wote wanne walitangazwa wenye heri huko Uvira. Wengi wetu hulitaja jina la mwana, lakini ni wachache wanaokumbuka kwamba habari yake ilianza kwa arusi ya baba na mama, kando ya maji haya haya.

Hatusemi karamu ni mbaya. Bwana wetu mwenyewe alikwenda arusini Kana, na divai ilipopungua hakuwalaumu wenye nyumba. Watu wakiisha kulia pamoja, ni haki yao kula pamoja. Lakini karamu iliyowazuia wawili wasifike altareni miaka saba imekalia kiti kisicho chake.

Jumamosi iliyofuata tulirudi uani, tukaeleza hayo. Orodha ilisomwa tena na kukatwa. Kila nyumba italeta chungu chake: huyu bugali, yule sombe kwa mawese, wavuvi watatoa samaki wa usiku huo. Viti kila mtu atakuja na chake.

Bwana arusi aliinua kichwa, akauliza: "Matangazo yatasomwa lini?"

"Kesho," tukamjibu.

Mama mzee akavuta ungo wake karibu, akauliza ndakala wameuzwaje asubuhi.