Grisi Iliyorudisha Ganda Bundukini

Aprili 1915 meli Rubens, iliyotumwa na Wajerumani kupenya ulinzi wa Waingereza baharini, ilifukuzwa na manowari Hyacinth hadi ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikazama karibu na pwani. Shehena yake ya risasi iliopolewa, lakini maji ya chumvi yalikuwa yamekwisha kuingia. Jenerali Lettow-Vorbeck, aliyeongoza majeshi ya Wajerumani Afrika Mashariki, anaeleza katika kumbukumbu zake za vita jinsi askari, wanawake na watoto walivyofanyishwa kazi kwa miezi huko Moshi kuzifumua risasi hizo, kusafisha baruti na kubadilisha baadhi ya fataki, yaani viwashio vya kitakoni mwa ganda. Kazi ya kuchosha, ila iliwezekana kwa mikono mitupu ya watu wasio mafundi, kwa sababu maganda yale hayakuwa yamewahi kufyatuliwa. Umbo lake lilikuwa bado la kiwandani. Kisa hicho kinaonyesha ugumu wa kujaza risasi upya hasa uko wapi. Fataki hubadilishwa na baruti hupimwa. Linalosumbua ni ganda lililokwisha kuvimba. Na ninavyoona, sifa ya kulirudisha ganda hilo katika bunduki ya kisasa, ambayo kwa kawaida hupewa mitambo ya chuma, inastahili kwenda kwa mafuta yanayopakwa juu yake.

Ganda hutengenezwa kwa shaba ya njano, sehemu 70 za shaba na 30 za zinki. Risasi inapofyatuliwa, gesi hulitanua ganda mpaka likabana kuta za chemba na kuziba mwanya ambao moto ungepitia kumrudia mpigaji. Kisha hunywea kidogo, kiasi cha kuchomoka, lakini halirudi kwenye vipimo vyake vya mwanzo. Wawindaji wa nyati katika nyanda za Marekani miaka ya 1870, wengi wao na bunduki za Sharps, hawakusumbuliwa sana na jambo hili. Baruti nyeusi haina msukumo mkubwa, na mtu aliyekuwa mbali na maduka alijaza maganda yake na kuyarudisha katika bunduki ileile iliyoyatanua. John Barlow alipoanza kuuza koleo zake za Ideal huko New Haven mwaka 1884, chombo cha kushikwa kiganjani kilitosha kubana shingo ya ganda ili ishike kichwa cha risasi.

Mambo yalibadilika mwaka 1886, Wafaransa walipoileta bunduki ya Lebel na baruti isiyo na moshi iliyobuniwa na Paul Vieille. Msukumo ndani ya chemba ulipanda sana, na maganda yenye umbo la chupa yakaenea. Sasa, hasa kama ganda lilitoka katika bunduki ya mtu mwingine, haikutosha kulibana shingo tu. Mwili wake wote ulipaswa kusindikwa ndani ya kalibu ya chuma cha pua. Hapo ndipo msuguano unapotawala. Shaba kavu ikisukumwa juu ya chuma hicho kwa nguvu hung'ang'ania, hukwaruzika, na mwisho hukwama. Mtu akivuta wenzo wa mtambo ili alitoe, ukingo wa kitako hunyofoka, ganda likabaki ndani. Kuongeza urefu wa wenzo ni kuharakisha hasara. Kinachohitajika ni utando unaostahimili kukandamizwa bila kuchuruzika, na ndiyo maana lanolini, yale mafuta mazito yanayonata ya sufu ya kondoo, imedumu katika fani hii. Hata hivyo yasizidi: mafuta hayashindiliki, na yakijikusanya kwenye bega la ganda huliachia vibonyeo.

Atakayepinga atamtaja Fred Huntington, ambaye mwaka 1943 huko Oroville, California, katika duka la dobi la baba yake, alianza kutengeneza kalibu za kugeuza maganda ya .22 kuwa ngozi za vichwa vya risasi, na kampuni yake, RCBS, ikaja kuingiza mitambo imara katika nyumba nyingi. Simnyang'anyi haki yake. Lakini mitambo hiyo haikuuondoa mkebe wa grisi mezani. Hoja nzito zaidi ni ile ya kalibu zenye pete ya kabaidi ya tangsteni, ambazo shaba haizing'ang'anii na hazihitaji mafuta. Ni kweli, ila kwa maganda yaliyonyooka ya bastola; ganda la chupa hupakwa mafuta hata likiingia katika kabaidi. Nacho kifaa cha nyundo cha Richard Lee wa Wisconsin, kinachofanya kazi bila mafuta, hubana shingo tu ya ganda kama hilo. Kinamrudisha mtumiaji kwenye sharti la enzi za Barlow: ganda na bunduki yake, basi.

Mafuta hayohayo hugeuka adui yakiachwa juu ya ganda. Linapofyatuliwa, ganda linahitaji kushika kuta za chemba. Likiteleza, hukisukuma kitasa cha bunduki kwa nguvu zaidi. Katika mashindano ya taifa ya kulenga shabaha ya Marekani ya 1921, huko Camp Perry, wapigaji waliozoea kuchovya risasi katika grisi ili mtutu usichafuke walionywa waache, kwani grisi iliyojaa pembeni mwa shingo huizuia kutanuka na kukiachia kichwa cha risasi. Kwa hiyo ganda likitoka kwenye kalibu hufutwa kwa kitambaa kabla ya kutiwa baruti.