Miaka Ambayo Rolling Stones Hawakupanda Jukwaani

Tarehe 25 Julai 1982, katika bustani ya Roundhay mjini Leeds, Rolling Stones walihitimisha ziara yao ya Ulaya. Mashabiki walirudi makwao wakiamini kuwa wangewaona tena baada ya mwaka mmoja au miwili, mitatu ikizidi sana. Ziara iliyofuata ilianza Philadelphia tarehe 31 Agosti 1989. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza mwaka ule wa Leeds alikuwa amekwishamaliza la saba.

Habari za bendi hii husimuliwa kwa ziara zake: wapi walipiga, watu wangapi walijaa, dola ngapi ziliingia. Lakini miaka waliyokaa bila kusafiri ndiyo inayoeleza vizuri zaidi jinsi vijana walioanza London mwaka 1962 walivyofika mwaka 2024 wakiwa bado wanajaza viwanja vya mpira. Kila walipokaa pembeni kwa muda mrefu, kazi ya maonyesho ilibadilika, na waliporudi ilibidi wajifunze upya namna ya kuifanya.

Kimya cha kwanza kililetwa na polisi. Februari 1967 askari walivamia nyumba ya mpiga gitaa Keith Richards huko Sussex wakitafuta dawa za kulevya. Juni yeye na mwimbaji Mick Jagger wakahukumiwa kifungo, rufaa ikawanusuru na jela. Brian Jones, ambaye ndiye aliyeianzisha bendi, alikamatwa Mei mwaka huohuo, kisha tena Mei 1968. Ziara yao ya Ulaya ilikuwa imeishia Athens tarehe 17 Aprili 1967, siku nne kabla ya wanajeshi kuipindua serikali ya Ugiriki. Kutoka hapo hawakuzunguka tena hadi Novemba 1969. Jones alikuwa amedhoofika, na mtu mwenye rekodi ya namna hiyo hakuwa na tumaini kubwa la kupata viza ya Marekani. Wenzake wakamtoa Juni 1969, nafasi yake ikachukuliwa na Mick Taylor. Tarehe 3 Julai Jones alikutwa amekufa kwenye bwawa la kuogelea la nyumbani kwake.

Hata hivyo, miaka hiyo haikupotea bure. Richards aliitumia kusikiliza rekodi za zamani za bluzi na kujaribu namna mbalimbali za kutega nyuzi za gitaa. Akaacha kulifunga gitaa kama wenzake: aliondoa uzi mnene kuliko yote, akabaki na nyuzi tano, akazitega ili zikipigwa bila kukandamizwa zitoe sauti iliyokamilika. Mlio wa "Honky Tonk Women" ya 1969 umetoka hapo. Walipofika Marekani mwaka huo walikuta hadhira nyingine kabisa. Miaka ya kati ya 1960 walikuwa wakipiga nusu saa hivi huku mayowe ya wasichana yakifunika vipaza sauti. Sasa watu walikuja kusikiliza, mitambo ilikuwa na nguvu ya kujaza ukumbi, na onyesho likazidi saa nzima. Bila ule mwanya wa miaka miwili na zaidi, ni vigumu kuamini kwamba bendi ya nyimbo fupi za redioni ingekuwa tayari kwa mabadiliko hayo.

Kodi nayo imewapangia kalenda. Machi 1971 walifanya ziara fupi ya kuiaga Uingereza, kisha wakahamia Ufaransa kukwepa viwango vilivyokuwa vikimeza zaidi ya asilimia 80 ya kipato cha watu wa daraja lao. Richards alipanga jumba la Nellcôte, Villefranche-sur-Mer. Lori lenye studio lilipaki nje, nyaya zikashushwa hadi vyumba vya chini, na huko kwenye joto na unyevu ikarekodiwa sehemu kubwa ya albamu ya Exile on Main St. Kuanzia hapo kila siku ambayo mmoja wao alilala Uingereza ilihesabiwa na wahasibu.

Hesabu hiyo ilijitokeza hadharani mwaka 1998. Sheria iliyokuwapo ilimpa nafuu ya kodi Mwingereza aliyefanya kazi nje kwa muda mrefu bila kukaa nyumbani kupita idadi ya siku zilizowekwa. Machi mwaka huo serikali ya Tony Blair iliifuta nafuu hiyo, ikawaachia mabaharia peke yao. Stones walikuwa katikati ya ziara ya Bridges to Babylon, na maonyesho ya Uingereza yalikuwa yamekwishatangazwa. Bendi ikasema kwamba kupiga nyumbani mwaka huo kungewagharimu, wao pamoja na wafanyakazi wao, kiasi cha pauni milioni 12. Ikayaahirisha hadi Juni 1999. Wengi walimlaumu Jagger kwa uchoyo, na ukiuangalia utajiri wake lawama hiyo inaeleweka. Lakini mafundi wa taa, madereva na wapandishaji jukwaa nao walikuwa wamepanga mwaka wao kwa sheria ileile, na wao hawakuwa matajiri.

Kimya kilichokaribia kuiua bendi, hata hivyo, ni kile cha 1982 hadi 1989, na hicho hakikuletwa na askari wala mtoza kodi. Kililetwa na watu wawili waliofahamiana tangu utotoni huko Dartford. Mwaka 1983 bendi ilisaini mkataba mnono na kampuni ya CBS. Jagger naye akapata nafasi ya kutoa albamu zake mwenyewe, na Richards aliliona hilo kama usaliti. She's the Boss ilitoka 1985. Julai mwaka huohuo, kwenye tamasha la hisani la Live Aid, Jagger alipanda jukwaani na Tina Turner, huku Richards na mpiga gitaa mwenzake Ron Wood wakimsindikiza Bob Dylan kwa magitaa. Dunia nzima ilikuwa ikitazama, na Stones kama Stones hawakuwapo.

Desemba 1985 alifariki Ian Stewart, mpiga piano aliyekuwa nao tangu mwanzo. Mwaka 1963 meneja alimwondoa kwenye picha rasmi kwa kuwa sura yake haikuendana na za wenzake, naye akakubali kubaki kama msimamizi wa safari na mpiga kinanda wa pembeni. Alikuwa mtu ambaye wote walimheshimu. Februari 1986 walikusanyika 100 Club, ukumbi mdogo wa chini ya ardhi pale Oxford Street, wakapiga bluzi kwa ajili yake mbele ya waalikwa. Ndiyo mara pekee walipopanda jukwaani pamoja mbele ya hadhira kati ya Leeds na kurudi kwao mwaka 1989. Mwezi uliofuata albamu yao Dirty Work ikatoka, Richards akataka ziara, Jagger akakataa. Mpiga ngoma Charlie Watts alikuwa amezama kwenye pombe na dawa za kulevya wakati huo, kwa hiyo Jagger alikuwa na hoja ya kweli. Lakini mwaka 1988 yeye mwenyewe alikwenda Japani na Australia na bendi nyingine, akiimba nyimbo za Stones. Kwa Richards hilo lilikuwa tusi lisilohitaji maelezo. Naye akatoa albamu yake, Talk Is Cheap, mwaka huohuo.

Januari 1989 wawili hao walikutana Barbados, wakagombana, wakacheka, kisha wakaanza kutunga. Promota wa Canada, Michael Cohl, akatoa ofa ya kuinunua ziara nzima badala ya kila mji kuwa na promota wake. Yeye angebeba hasara na kukusanya kila kitu: tiketi, fulana, wafadhili, haki za televisheni. Mbunifu Mark Fisher akasanifu jukwaa kubwa la vyuma mfano wa kiwanda kilichoachwa. Ziara ya Steel Wheels ikawa kielelezo cha biashara ya viwanjani kwa miongo iliyofuata.

Baada ya hapo mapumziko yakawa sehemu ya mpango wenyewe: ziara 1994 na 1995, kisha 1997 hadi 1999, kisha 2002 na 2003, kisha 2005 hadi 2007. Mzigo wa ukubwa huo hausogei kila mwaka. Majukwaa kadhaa hutangulizana. Moja likitumika, lingine linajengwa mji wa mbele. Ziara ya A Bigger Bang ya 2005 hadi 2007, iliyokaribia maonyesho 150, iliingiza zaidi ya dola milioni 550, rekodi ya wakati wake. Watts, ambaye hakuwahi kuzipenda safari, alikuwa na desturi ya kuchora kila kitanda cha hoteli alicholalia tangu miaka ya 1960.

Sasa mwenye kauli ya mwisho ni mwili. Watts alitibiwa saratani ya koo mwaka 2004. Richards alianguka kutoka mtini Fiji mwaka 2006 akafanyiwa upasuaji wa kichwa, na maonyesho ya Ulaya yakasogezwa. Aprili 2019 Jagger alibadilishiwa vali ya moyo, na Juni alikuwa tena jukwaani Chicago. Mwaka 2020 uliliwa na Korona. Watts akafariki Agosti 2021. Mwezi uliofuata, St. Louis, onyesho lilifunguliwa kwa mdundo wa ngoma na picha zake kwenye skrini, kabla ya Steve Jordan kukaa kwenye kiti chake.

Ziara ya 2024 haikutoka Amerika Kaskazini, na onyesho moja na jingine yaliachana kwa siku kadhaa. Mfadhili wa ziara ya mwaka 1981 alikuwa kampuni ya manukato. Wa 2024 alikuwa AARP, jumuiya ya Wamarekani waliovuka miaka 50. Ilikwisha Missouri tarehe 21 Julai, siku tano kabla Jagger hajatimiza miaka 81. Mwaka 2025 ulipita bila ziara. Richards, ambaye vidole vyake vimeingiwa na baridi yabisi, alikwishaeleza kwamba ugonjwa huo haumzuii kupiga, ila umemlazimu kutafuta njia nyingine ya kulishika gitaa.