Kuoga Kulitangulia Sabuni

Neno sabuni tumelipokea kutoka katika Kiarabu, na kitu chenyewe kilitufikia kwa njia ya bahari kama lilivyotufikia jina lake. Lakini kuoga, kunawa, kuosha na kufua ni vitenzi vya Kibantu, na mwalimu yeyote wa Kiswahili anajua jinsi lugha yetu isivyokubali kuvichanganya. Mtu huoga mwili, hunawa mikono na uso, huosha vyombo, hufua nguo. Watu wasiojali usafi wasingalihitaji kupambanua mambo hayo kwa makini namna hiyo.

Tunaanza na lugha kwa sababu wazee wetu wengi waliambiwa na mkoloni kwamba usafi uliletwa pamoja na mche wa sabuni. Mwishoni mwa karne ya 19 tangazo moja la sabuni lililochapishwa Uingereza lilidiriki kumchora mtoto mweusi akiingizwa katika beseni na kutoka kiwiliwili chake kikiwa cheupe, kana kwamba rangi ya ngozi ni taka. Kasumba ya aina hiyo haiondolewi kwa hasira. Huondolewa kwa historia, na kwa kuelewa sabuni yenyewe inafanya kazi gani.

Katika Kilwa Kisiwani kuna magofu ya Husuni Kubwa, jumba lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Ndani yake limo birika la kuogea lenye pembe nane. Katika Msikiti Mkuu wa kisiwa hicho waumini walikuwa na kisima, birika, na mawe ya mviringo ya kusugulia nyayo. Katika nyumba za mawe za Lamu, birika lilijengwa ndani ya chumba cha kuogea, na sakafuni mwake likatiwa bakuli la kaure ili samaki wadogo wapate mahali pa kukaa maji yanapopungua. Samaki hao walikula viluwiluwi vya mbu. Mwogaji hakuingia birikani. Alichota maji kwa kata na kujimiminia, hivyo maji aliyokwisha kuyatumia hayakumgusa mwenzake. Mbali na miji hiyo watu waliteremka mtoni, wakajisugua kwa dodoki, kwa makumbi ya nazi au kwa jiwe, kisha wakajipaka mafuta: ya nazi kwa watu wa pwani, ya mbarika au samli kwa watu wa bara. Vyombo vilisuguliwa kwa majivu.

Historia ya biashara ya sabuni ina kinaya chake. Katika miaka ya 1850 wafanyabiashara wa Marseille, Ufaransa, walikuwa Unguja wakinunua ufuta na mbata, kwa kuwa mafuta ya zeituni peke yake hayakuvitosha viwanda vya sabuni vya mji wao. Mafuta ya Afrika Mashariki yalisafiri yakiwa mazao, na sabuni ikaja kwetu ikiwa bidhaa ya mgeni, pamoja na mahubiri juu ya uchafu wetu.

Sasa tuitazame sabuni yenyewe. Mwanakemia Mfaransa Michel-Eugène Chevreul, aliyechapisha uchunguzi wake mkubwa wa mafuta mwaka 1823, alionyesha kwamba mafuta yakipikwa pamoja na magadi makali huvunjika, yakatoa sabuni na gliserini. Kila chembe ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Uchafu mwingi wa mwilini hushikamana na ngozi kwa mafuta, na maji matupu huteleza juu yake kama yanavyoteleza juu ya jani la mgomba. Sabuni ikiingia, mikia hujichoma ndani ya mafuta, vichwa hubaki nje majini, na tone la mafuta lililozingirwa hivyo hung'oka na kuchukuliwa pamoja na taka na vijidudu. Wingi wa povu si kipimo cha usafi. Hapo ndipo tunapomwelewa bibi aliyesugua chungu chenye mafuta kwa majivu: chumvi za majivu, zilizo na tabia ya magadi, zilikutana na mafuta hayo na kufanya sabuni kidogo papo hapo. Tuliokuwapo mwanzoni mwa miaka ya 1980, sabuni ilipoadimika hata katika maduka ya kaya, tunakumbuka nguo zilizofuliwa kwa majani ya mpapai.

Je, tuoge mara ngapi? Ngozi ina mafuta yake na uchachu wake mdogo unaoikinga. Sabuni haichagui: huondoa taka na kinga hiyo pia, na ngozi hupauka. Ndiyo maana desturi ya kujipaka mafuta baada ya kuoga ilikuwa na maana kuliko urembo. Katika joto la Tanga au Mtwara kuoga mara mbili kwa siku si israfu, lakini sabuni inatakiwa hasa kwapani, kinenani na miguuni. Kwingineko maji na dodoki mara nyingi hutosha. Mzee wa Makete anayeruka siku moja wakati wa baridi asichekwe.

Mikono ni habari nyingine, na hapa yatupasa kuikosoa mila yetu wenyewe. Bakuli moja la maji lililozungushwa kwa wageni kabla ya kula, bila sabuni, lilimfanya wa mwisho anawe katika uchafu wa wote waliomtangulia. Waliojenga mabirika ya Lamu wasingalikubali kuoga hivyo. Mikono hunawiwa kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa muda wa sekunde 20 hivi, kila mtu atokapo chooni, kabla ya kupika, kula au kumlisha mtoto.

Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, vibuyu chirizi vilionekana katika shule nyingi. Virusi vya ugonjwa huo vimevikwa utando wa mafuta, na sabuni huuvunja. Kifaa chenyewe ni dumu lililotobolewa na kufungwa kamba yenye kijiti cha kukanyagia, na kipande cha sabuni kikining'inia kando. Mwanafunzi hukanyaga, dumu huinama, na maji aliyonawia huanguka ardhini.