Kemikali Zinazodumu na Chembechembe za Plastiki: Hatari Mbili Zilizotenganishwa, 1972–2023

Mwaka 1972, Edward Carpenter na wenzake wa Taasisi ya Woods Hole nchini Marekani waliripoti kuwepo kwa punje ndogo za polistirini katika maji ya pwani ya kusini mwa New England. Punje hizo zilikutwa matumboni mwa samaki, na juu yake zilikuwa zimenasa PCB. Kemikali hizo za klorini, zilizotengenezwa kibiashara tangu 1929, zilitumika zaidi katika transfoma na vifaa vingine vya umeme. Viwanda vilizipenda kwa kuwa haziungui upesi wala hazivunjiki kwa urahisi; kwa sababu hiyohiyo, Sören Jensen wa Sweden alizitambua katika miili ya wanyama mwaka 1966.

Kwa hiyo hatari hizo mbili zilionekana pamoja tangu mwanzo. Zilitenganishwa na sheria. PCB zilidhibitiwa kama sumu, hususan kwa sheria ya Marekani ya 1976. Plastiki ilihesabiwa kuwa taka tu: Kiambatisho cha Tano cha Mkataba wa MARPOL, kilichoanza kutumika mwishoni mwa 1988, kilizikataza meli kuitupa baharini, lakini hakikuuliza ilibeba nini.

Swali hilo lilijibiwa nchini Japani. Mwaka 2001, Yukie Mato, Hideshige Takada na wenzao walichapisha matokeo ya jaribio lililokuwa jepesi kwa namna ya kushangaza. Punje mpya za polipropilini ziliachwa katika maji ya bahari kwa siku sita, na kiasi cha PCB na cha DDE, zao la kuvunjika kwa DDT, kikaongezeka mfululizo. Kemikali hizo hazipatani na maji. Hushikamana na vitu vyenye asili ya mafuta, na plastiki ni kimojawapo. Uwiano wa kunaswa kwake ulikadiriwa kuwa kati ya mara 100,000 na 1,000,000 ya kiwango kilichomo majini. Nonilifenoli, kwa upande wake, ilielekea kutoka ndani ya plastiki yenyewe, ikiwa kiungo cha kiwandani. Punje moja, basi, hupokea sumu na pia huitoa.

Mwaka huohuo Mkataba wa Stockholm ulipitishwa ukiwa na kemikali 12, zikiwemo PCB na DDT. Mwaka 2023 mkataba huo uliorodhesha UV-328, kiungo cha kuikinga plastiki dhidi ya jua. Miongoni mwa hoja zilizotolewa ni kwamba kemikali hiyo husafiri mbali ikibebwa na taka za plastiki.

Si wataalamu wote wanaokubali uzito wa njia hiyo. Baadhi yao hudai kwamba samaki hupata PCB nyingi zaidi kutoka katika maji na chakula chake cha kawaida kuliko kutoka katika plastiki anayoimeza. Hoja hiyo ina nguvu kwa kemikali zinazonaswa baharini. Kwa zile zinazotiwa kiwandani ni dhaifu zaidi, kwani hizo huingia baharini zikiwa tayari ndani ya plastiki.

Machi 2022, jijini Nairobi, Baraza la Umoja wa Mataifa la Mazingira liliamua uandaliwe mkataba wa plastiki. Mazungumzo ya Busan mwaka 2024 na ya Geneva mwaka 2025 yalimalizika bila mwafaka, na miongoni mwa mambo yaliyoyakwamisha ni iwapo mkataba huo udhibiti pia kemikali zilizomo.